Unga Mlangoni kwa Perla

Vumbi la Marseille linang'aa jioni hii. Upepo umelizoa gatini, umelipandisha ngazi hadi ghorofa ya nne, na jua la magharibi limelipaka dhahabu mlangoni kwa Perla Toledano.

Mlango uko wazi. Leo Pasaka ya Kiyahudi inaisha, na usiku Pasaka inapoisha, Myahudi wa Moroko hafungi mlango. Jirani huleta unga, hula asali, hubariki na kubarikiwa. Ndivyo alivyofanya mama yake kule Meknes.

Lakini juma lililopita mlango wa sinagogi ulichomwa moto, na wazee wa sinagogi wameagiza: mwaka huu fungeni.

Fungeni! Ee Mungu wa Ibrahimu, achome mwingine, afungiwe Zulikha?

Na Zulikha, Mwislamu wa ghorofa ya pili, huyo anapanda na pakiti ya unga kifuani. Amewahi, kama kila mwaka. Kabla nyota tatu hazijaonekana angani bado ni Pasaka, na siku za Pasaka unga ni mwiko, hauvuki kizingiti cha Perla.

"Rudi baadaye, dada."

"Kwa magoti haya? Sirudi ng'o!"

Perla akamtolea kiti. Mmoja ndani, mmoja nje, unga mapajani.

Kijana mmoja akapita akishuka. "Bibi Zulikha, siku hizi unawatumikia hawa?"

"Nepi zako nilifua mimi. Pita!"

Odile, jirani Mkristo, akachungulia. "Perla, mpenzi, nawapenda nyote. Ila funga. Watatuchomea jengo."

"Jumapili mnapeana mikono ya amani kanisani, Odile. Hiyo amani haijui kupanda ngazi?"

Odile akafunga wake. Komeo likalia.

Mlango wa Perla uko wazi. Moyo unamchemka. Wenye chuki hawakuombwa kujificha. Wenye upendo ndio wanaoambiwa wakae gizani! Bwana, unaona? Tangu lini unga wa jirani umekuwa hatari, na kiberiti kikawa jambo la kuzoea?

Dirisha la ngazi likaingia giza. Nyota ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Vuka, dada yangu."

Zulikha akavuka. Perla akaipasua pakiti palepale kizingitini, kwa hasira, kwa mikono miwili. Vumbi jeupe likaruka, likatua kwenye nyusi zao, na upepo ukaliteremsha ngazi, mlango kwa mlango, likapenya hata chini ya mlango wa Odile.