Ndoo Mbili na Mkuu wa Idara

Kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi, mhadhiri wao wa mekanika alikuwa Madamu Kwa Nini. Kwa dada yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akiishi naye, alikuwa Mama Ndoo, kwa sababu alizichukua ndoo mbili ndogo za jikoni akaenda nazo chuoni, na hazikurudi.

"Mdogo wangu, wenzako wana slaidi," dada alimwambia asubuhi ya ukaguzi akimenya vitunguu. "Wewe unakwenda kukaguliwa ukiwa na ndoo zangu."

"Slaidi zinawalaza."

"Na ndoo zinawaamsha? Haya. Mkataba wako unaisha mwezi huu, na anayekuja kukutazama leo ndiye aliyeandika noti ulizokataa kuzisoma. Mimi hapo ningezisoma."

Dada alikuwa amesema kweli tupu. Somo la mekanika lilifundishwa miaka yote kwa noti za mkuu wa idara: mhadhiri anasoma, darasa linaandika, mtihani unauliza, darasa linarudisha kilekile kilichosomwa. Madamu alipoajiriwa aliziweka kabatini. Yeye alileta kitu mezani, akauliza kitafanya nini, akawapigisha kura kwa kunyoosha mikono, kisha akawaacha wabishane mpaka mishipa ya shingo iwatoke. Hapo ndipo alipokijaribu kile kitu mbele yao. Ufundishaji wake wote ulisimama juu ya nguzo moja: lazima watu wakosee kwanza. Aliyekosea kwa sauti mbele ya wenzake hulisikiliza jibu kama mtu aliyeibiwa.

Baadhi ya wahadhiri walinung'unika. Darasa lake lina kelele kama soko, walisema. Mkuu hakunung'unika. Alisema tu kwamba atakuja kukaa nyuma, ajionee mwenyewe, halafu kikao cha Ijumaa kitaamua kama mkataba wake uendelee.

Akaja. Shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, akaketi safu ya mwisho karibu na dirisha lisilofungika. Darasa likawa kimya mno. Hata Usingizi, kijana mrefu aliyepewa jina hilo kwa haki kabisa, alikuwa macho.

Mezani palikuwa na mizani yenye mkono mrefu, iliyotengenezwa karakana ya chuo, ndoo moja kila upande, maji sawasawa. Madamu aliinua goroli kubwa ya chuma iliyofungwa uzi.

"Nitaining'iniza kwenye stendi hii, izame katika ndoo ya kushoto bila kugusa chini. Uzi unashikwa na stendi, ndoo haiibebi goroli. Mizani itafanya nini? Wanaosema itakaa vilevile, mikono juu."

Hakuna mkono. Kila mwaka nusu ya darasa iliangukia hapo.

"Kulia itashuka?"

Hakuna.

"Kushoto itashuka?"

Mikono yote ikapanda kwa pamoja. Usingizi alinyoosha miwili.

Madamu akaihesabu mikono ile. "Kwa nini?"

Kiongozi wa darasa, binti mwenye miwani na adabu nyingi, alisimama. "Kwa sababu maji yanaisukuma goroli juu, madamu, na goroli nayo inayasukuma maji chini kwa nguvu ileile." Akaketi. Safu ya mbele ikatabasamu kama watoto waliompikia mama chai.

Basi akaelewa. Walikuwa wamesikia kwamba anakaguliwa. Wakawaendea wa mwaka wa pili, wakaliuliza swali la ndoo, wakakariri jibu lake, yote kwa kumpenda. Alizamisha goroli, kushoto kukashuka, na hakuna aliyeshangaa. Kwa mtu wa kufundisha kwa ubishi, ilikuwa sawa na kualika wageni ukakuta wote wameshakula.

Kule nyuma mkuu alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Darasa limeiva," alisema, akirudisha kalamu mfukoni. "Swali, jibu, sababu. Safi sana. Mimi sina la kuongeza, mwalimu." Akaanza kuinuka.

Mlango ulikuwa hatua chache tu. Angenyamaza kidogo, mkuu angetoka, na mkataba ungekuwa wake. Kiongozi wa darasa alikuwa akimtazama kwa macho yanayosema: tumekuokoa.

"Mkuu, samahani," Madamu alisema. "Hatujaanza. Nani ana mpira wa tenisi ya meza?"

Usingizi alikuwa nao mfukoni. Sasa ikajulikana usiku wake unapotelea wapi.

Madamu aliuzungushia mpira utepe wa gundi, akaufunga kwa uzi mfupi kwenye nati nzito, akautumbukiza katika ndoo ya kulia. Nati ikakaa chini, mpira ukabaki umezama, ukivutana na uzi kutaka kupanda. Nati nyingine kama ile akaitia kushoto, pasiwe na malalamiko. Goroli ikabaki inaning'inia palepale. Mkono wa mizani akaushikilia kwa vidole.

"Mpira na goroli ni ukubwa mmoja. Nikiachia?"

Darasa likatazamana. Hili wa mwaka wa pili hawakuwauzia.

"Itakaa sawa," ilisema sauti ya nyuma. Ni mkuu, bado amesimama. "Ukubwa mmoja, maji yaliyosogezwa ni yaleyale, msukumo ni uleule. Hapa hapana swali."

Mikono mingi ikapanda upande wa cheo. Kiongozi wa darasa akafikiri, akasema kulia kutapanda kwa sababu mpira unavuta ndoo juu. Mwingine akamwambia basi ajifunge mipira kiunoni aruke mpaka nyumbani. Kelele zikaanza. Madamu akaanza kupumua.

"Nami nasema kushoto itashuka, ila si kwa sababu mpira unavuta ndoo," Usingizi alisema polepole. "Uzi wa goroli umeshikwa nje. Uzi wa mpira umefungwa ndani. Mpira ukivuta nati juu, maji nayo yanabonyezwa chini vilevile. Huo ni ugomvi wa ndani ya ndoo. Mizani haiwezi kuusikia."

"Kijana, unajua unabishana na nani?" mkuu aliuliza, akishuka ngazi za ukumbi.

"Na mtu wa pale nyuma, mzee wangu. Shikamoo."

Darasa likacheka, na mkuu, kwa bahati, akacheka pia. "Marahaba. Achia, mwalimu."

Akaachia. Kushoto kukashuka, taratibu, bila aibu.

Mkuu akainama. "Ndoo hazilingani." Wakabadilisha ndoo. Upande wa goroli ukashuka tena. "Stendi inaegemea." Haikuegemea. Akakunja mikono ya shati, akatia mkono ndani ya maji, akaupapasa ule uzi wa mpira, huku Usingizi akimweleza ugomvi wa ndoo kwa mara ya tatu na kiongozi wa darasa akiwapinga wote wawili. Darasa lililofuata lilikuwa limeshajaa mlangoni, na hakuna aliyetoka.

Korido ilipobaki na watu wawili, mkuu alikuwa akikamua shati lake.

"Ungeniacha nitoke," alisema.

"Ningekuacha utoke na uongo, mkuu. Walikuwa wamekariri."

"Nilijua wamekariri. Ndiyo maana nilifurahi." Akatazama kiganja chake kilicholowa. "Miaka yote hii hakuna mwanafunzi aliyewahi kubishana nami." Akaondoka bila kusema neno juu ya mkataba.

Ijumaa Madamu alikaa ofisini asisome wala asile. Alasiri simu ikalia. Alikuwa katibu muhtasi wa mkuu.

"Dada, unaitwa kikaoni. Uje na ndoo mbili."

"Na mkataba wangu?"

"Huo walishaupitisha zamani, mkuu alisema maneno mawili tu. Sasa wanabishania mpira, na mkuu wa idara ya umeme amegoma kuondoka mpaka aone. Njoo upesi, wameanza kusimama juu ya viti."