Nywele za Kwao

Kila asubuhi msusi alibandika sufuria ya maji kabla ya kushika kichwa cha mtu. Rasta zisipochovywa ncha zake kwenye maji yanayotokota, hufumuka hata wiki haijaisha. Asubuhi hiyo maji yalikuwa yameanza kuimba, na mteja wake wa kwanza, mwalimu, upande mmoja wa kichwa umesukwa na upande mwingine umesimama kama ufagio, alikuwa akijitazama kwenye kioo.

"Nikipita mtaani hivi, wanafunzi wangu watahama shule."

"Tulia, mwalimu. Ukitoka hapa mumeo ataomba kukuposa upya."

Nyuma ya pazia la stoo, mke wa kaka yake msusi alikuwa akichambua rasta. Kaka alimwoa ng'ambo ya mpaka, akamleta mwaka jana, na tangu hapo msusi hakuwahi kumwita wifi. Kwa wateja alikuwa "msichana wangu wa kazi". Kwa majirani, "yule mgeni". Lakini mgeni alijua kusuka mistari inayozunguka sikio kama konokono, mtindo wa kwao, na wateja walikuwa wameanza kuuulizia. Jana msusi alikubali kusukwa hivyo yeye mwenyewe, watu wauone vizuri.

Mlango ulipigwa teke, ukang'oka bawaba.

Waliingia vijana watano wenye nondo na marungu. Wiki nzima walikuwa wakipita duka kwa duka kuwatoa wageni, wakisema wamewanyang'anya kazi. Mmoja alimnyooshea msusi kidole.

"Ndiye huyu! Tazameni kichwa! Nywele za kwao hizo!"

Walimkamata kwa mistari ileile, wakamburuta sakafuni. Ngozi ya kichwa ilichanika juu ya sikio. Aliinua mkono ajikinge, nondo ikatua, na akausikia mfupa wake ukivunjika kama kijiti. Buti likamwingia mbavuni. Pumzi ikamkatika.

"Huyo ndiye mwenye saluni, jamani!" mwalimu alipiga kelele. Kofi likamrusha na kiti chake.

Msusi alilala shavu likiwa kwenye damu. Kutoka pale chini aliona, kwenye mwanya wa pazia, vidole viwili vitatu vya miguu vikijivuta ndani.

"Acheni! Acheni, nyie mbwa!" Aliyeingia alikuwa mkubwa wao, waliyemwita Chuma. "Huyu anamsuka mama yangu!"

Chuma alichuchumaa, akamketisha polepole, akampangusa vumbi begani.

"Dada, samahani. Vijana wameona nywele tu. Tutakupeleka hospitali sasa hivi. Tuonyeshe huyo mwenyewe yuko wapi."

"Nani?"

"Msichana wako wa kazi. Yule mgeni."

Maneno yalikuwa yake mwenyewe, neno kwa neno. Msusi alitazama mkono wake uliopinda mahali pasipopindika.

"Ametoka," alisema.

"Ametoka kwenda wapi?"

"Sijui."

Kijana mwenye nondo alicheka. "Chuma, huyu anatuona watoto."

"Dada, usinichoshe," Chuma alisema, na sauti yake haikuwa na samahani tena. "Atakuponza bure. Yeye ni nani kwako?"

Msusi alijikokota ukutani hadi akasimama, akaegemea mbele ya pazia. Ngumi ilimpata mdomoni. Alitema jino pamoja na damu, akayumba, lakini nyuma yake mkono ulitokea kwenye pazia na kumshika gauni kiunoni, ukamshikilia asianguke. Chuma aliuona mkono huo. Wote waliuona. Nondo ikapanda.

"Si msichana wa kazi," msusi alisema. Alilia huku akisema, lakini alisema kwa nguvu, mtaa mzima usikie. "Niliwadanganya kwa sababu nilimwonea haya. Ni wifi yangu. Mke wa kaka yangu, tumbo moja na mimi. Ni wifi yangu! Anzeni na mimi."