Neno la Kikarimu Mbele ya Kadhi

Nchi ya Kujitosha ilikuwa bondeni, chini ya milima ya Ukarimu, na raia zake waliamini kuwa hekima yote ya dunia ilianza na kukoma kwao. Kwa hiyo jambo lolote lililowashinda kufahamu, liwe elimu ya nyota au mwandiko wa tabibu, walilitupa kwa msemo mmoja: "Hicho ni Kikarimu!" Asili ya msemo huo ilikuwa aibu. Zamani mjumbe aitwaye Mvivu bin Starehe alipelekwa milimani kujifunza Kikarimu, lugha ya majirani. Akala, akalala, akarudi mtupu. Na kwa kuchelea adhabu akamwambia mfalme kuwa ile haikuwa lugha ila kelele. Uongo wake ukarithiwa kama mali.

Mwaka mmoja wa masika makali, mwanamke wa Ukarimu, jina lake Bayana, aliteremka mbio hadi sokoni, akapiga ukelele huku akionyesha kidole milimani. Askari walimkamata kwa kosa la kuvunja utulivu, wakamfikisha mbele ya Kadhi Takaburi.

"Anasema nini?" Kadhi aliuliza.

"Kikarimu tu, Mheshimiwa," karani alijibu, na baraza zima likacheka.

Hapo Bi Sikizi, mfinyanzi aliyezoea kununua udongo milimani, alisimama. "Mheshimiwa Kadhi, niwie radhi. Mimi namwelewa. Anasema ukingo wa ziwa lao umepasuka, na maji yatafika bondeni kabla ya adhuhuri. Amekuja kutuokoa."

Vicheko vikakatika. Kadhi alikuwa mtu wa kiburi, lakini hakuwa mtu wa dhuluma. Alimtazama Bayana, akaona miguu yake ikivuja damu kwa mawe ya njiani, akaamini.

"Pigeni mbiu! Kila mtu apande kilimani!"

Maji yalipofika yalikuta nyumba tupu. Yalichukua kuku na vyungu, hayakuchukua mtu.

Kule kilimani Kadhi aliuliza kwa upole, "Bi Sikizi, watu wa Ukarimu wakishindwa kufahamu jambo, husemaje?"

Mfinyanzi alijibu, "Husema, 'Hicho ni Kijitosha.'"

Kadhi alicheka hadi kilemba kikamlegea, na watu wakacheka naye. Papo hapo alitoa hukumu: Bayana awe huru, na watoto wa Kujitosha wafundishwe Kikarimu. Kisha akaomba afundishwe yeye kwanza neno la shukrani. Alilitamka kwa taadhima kuu, likatoka likiwa na maana ya kitunguu. Bayana aliinama kwa adabu, akajibu kwa lugha yake, na Bi Sikizi akafasiri:

"Anasema amekipokea."