Ndala za Mlangoni

Katika yadi ile ya Kurasini watu walihesabiwa kwa ndala. Mzee Masoud, mwenye ufuta, alikuwa hataki tope juu ya magunia yake, kwa hiyo kuli akifika kwenye mdomo wa kontena anavua, anapanda pekupeku na gunia kichwani, ndala zinabaki chini zimepangwa mstari kama nje ya msikiti. Kontena likijaa anakuja Stephano kufunga. Hatazami sana ndani, maana magunia yanakuwa yamekaribia paa na kule mwisho ni giza tupu. Anatazama chini. Akikuta jozi ya ndala, basi kuna mtu humo, na anamwita kwa jina, kwa sababu kila mtu na ndala zake. Za Salumu ndizo zilizojulikana kuliko zote: ya kushoto mkanda mwekundu, ya kulia mkanda wa buluu. Akikuta peupe, anafunga.

Miaka kumi na mmoja amefunga hivyo, na hajawahi kumfungia mtu.

Jumanne hiyo alikuta peupe. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha kitambo kidogo, jua limesimama utosini. Mpiga dawa alining'iniza vifuko vyake vya vidonge kwa ndani ya mlango, vile vidonge vya kuulia wadudu ambavyo vikishaonja hewa vinaanza kutoa sumu taratibu, kwanza kidogo, na baada ya saa moja hivi ndiyo inakolea hasa. Akavua glovu, akasema, "Haya mzee, funga." Stephano akavuta mlango wa kwanza, akavuta wa pili, akabana vyuma. Bwana Aiman, mtoto wa Mzee Masoud na msimamizi wa yadi, akaja na sili, ile lakiri ya chuma yenye namba ambayo ikishabanwa haifunguki mpaka ikatwe. Akaibana, akaipiga picha kwa simu. Lori lingekuja saa nane kulipeleka kontena bandarini, na kutoka hapo meli, na huko liendako Stephano hata jina la mji hakulijua. Alichojua ni kwamba sili ikishabanwa, kuikata bila ruhusa ni kesi.

Akaenda kula.

Mwajabu alikuwa na banda lake la turubai ng'ambo ya geti. Wali, maharage, mchicha, siku akifurahi na dagaa. Alimpakulia Stephano, kisha akachukua mfuniko wa sufuria, akaugeuza, akaweka juu yake kipande kikubwa cha ukoko wa wali, wa kahawia, unaong'aa mafuta.

"Huu wa Salumu," akasema. "Sijui leo kanisusa? Mpaka saa hizi hajaja kuufuata."

"Salumu kaenda Mwananyamala," kuli mmoja akajibu, mdomo umejaa. "Dada yake kalazwa. Aliomba ruhusa asubuhi."

"Angeniaga."

"Akuage wewe nani yake?"

"Mie? Salumu akienda hata chooni ananiaga!"

Banda zima likacheka. Stephano naye akacheka, akainua kijiko, na kijiko kikaishia njiani.

Ilimshika nyuma ya shingo, baridi, kama mtu aliyetoka kunawa maji ya kisimani kamgusa. Akaijua. Ilikuwa imewahi kumjia mara moja tu, Mbagala, miaka tisa nyuma. Mdogo wake Cyprian alikuwa mchimba visima. Asubuhi ile walikuwa wanakunywa chai ya rangi juu ya kifusi, Cyprian anajifunga kamba kiunoni, anacheka, na moyo wa Stephano ukasema: mwambie asishuke. Basi, hivyo tu. Stephano akaona haya. Angemwambia kwa sababu gani? Kisima kikavu, mchanga umetulia, kamba mpya. Akanywa chai. Cyprian akashuka, na mchanga ukamfuata. Walimtoa kesho yake.

Tangu hapo Stephano alikuwa mtu wa kanisani sana, hakosi jumuiya, lakini sala yake hakumwambia mtu. Wenzake walimwomba Mungu awakaribie. Yeye alimwomba anyamaze.

Sasa alikuwa anatazama ukoko wa Salumu juu ya mfuniko, nzi mmoja anaranda pembeni, na moyo ukasema: fungua.

Akajibishana nao. Ndala hazikuwepo. Nimeangalia, palikuwa peupe. Mtu kaenda kumwona dada yake, unataka nini? Akatoa simu, akampigia Salumu. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Kwani lini simu ya Salumu iliwahi kuwa na chaji? Akaingiza kijiko mdomoni. Wali ukakaa kwenye ulimi kama pamba, haupandi haushuki.

Akasimama.

"Baba Noela, hujala kitu," Mwajabu akasema. "Nimekutilia pilipili?"

"Nifunikie," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Ofisi ya Aiman ilikuwa kontena bovu lililotobolewa dirisha. Kijana alikuwa amekaa mbele ya feni.

"Bwana Aiman, naomba tulifungue lile la ufuta."

"Lipi, mzee? Hili tulilofunga sasa hivi?"

"Hilo hilo."

Aiman akazima feni ili asikie vizuri. "Umeona ndala?"

"Sikuona."

"Kuna mtu anagonga?"

"Sijasikia."

"Sasa?"

Stephano akamsogelea. Akagusa kifua. "Hapa hapakai."

Aiman akataka kucheka, akamwonea haya, maana alimheshimu. "Mzee Stephano, una presha wewe. Kunywa maji, kaa kivulini. Ile sili nikiikata meli inatuacha, halafu tunaitwa kujieleza. Nikaseme nini? Kifua cha mzee Stephano hakikai?"

"Sema ni mie."

"Baba yuko msikitini. Akitoka nitampigia, akisema tufungue, tunafungua. Subiri kidogo tu, mzee wangu."

Subiri kidogo. Neno la busara kabisa, na Stephano aliliona jinsi lilivyofanana na kile kikombe cha chai ya rangi.

Akatoka, akaenda mpaka kwenye kontena. Bati lilikuwa linawaka. Akaegemeza sikio, likamuunguza, akalirudisha tena. Jenereta linanguruma, lori linarudi nyuma linalia pii pii, vyuma vinagongana upande wa pili wa ukuta. Akapiga ngumi mara tatu. Akasubiri. Kimya.

Kimya kile kilimuumiza zaidi. Laiti angesikia hata mkwaruzo, angewaita watu, kazi ingekuwa ya wote. Sasa alikuwa peke yake na Yule aliyesema. Na hapo likamjia wazo ambalo mpaka leo hajamwambia hata mkewe. Kama Salumu yumo na keshakufa, aliyemfunga ni mimi. Nikikaa kimya, lori linakuja, linaondoka naye, linakwenda kufunguliwa huko ng'ambo, na hapa watasema Salumu kapotea mjini. Hakuna atakayejua.

Aliliogopa wazo lile kuliko sumu, kuliko kesi. Alihisi anatazamwa. Si kwa jicho la ajabu, hapana: anatazamwa kama mama anavyomtazama mtoto aliyeshika kisu, haongei tena, anangoja tu aone atafanya nini.

"Basi," akasema kwa sauti. "Basi, nimesikia."

Kwenye sanduku la vifaa palikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia chuma. Akauchukua, akarudi nao mlangoni. Kuli aliyekuwa kivulini akainuka. "Oya, mzee kachanganyikiwa! Anakata sili!" Wakaja mbio. Na Aiman naye, kandambili mkononi.

"Mzee Stephano! Hiyo jela hiyo! Mzee!"

Akabana, chuma kikakataa. Akaegemea kwa tumbo, akabana tena. Tak. Sili ikaanguka mchangani.

Alipovuta mlango harufu ikamjia usoni, kama kitunguu saumu kilichooza. Makuli wakarudi nyuma. Akavua shati, akalifunga mdomoni na puani, akang'oa vile vifuko akavitupa mbali, akaachia milango yote miwili ili upepo upite.

"Salumu!"

Ukuta wa magunia ukamtazama. Hakuna kitu.

"Umeona?" Aiman akasema, sauti inakaribia kulia. "Umeona sasa, mzee? Hakuna mtu!"

Stephano akavua ndala zake. Hakufikiri, mazoea tu. Akaziacha chini mlangoni, akapanda. Juu ya magunia palikuwa na nafasi ya mtu kulala kifudifudi, si zaidi, na paa lilikuwa linaunguza mgongo kama kaango. Akatambaa. Macho yanamchoma, kifua kinabana. Hatua ya tano hakuona mkono wake mwenyewe. Akawa anapapasa: gunia, gunia, gunia, na kila gunia anamwambia Mungu, asiwepo, naomba asiwepo, niaibike tu, nifungwe tu, asiwepo.

Kisha akagusa unyayo.

Ulikuwa umelowa. Stephano akaushika, akaganda. Hakuthubutu kuubonyeza, kwa hofu ya atakachokikuta. Akaubonyeza. Kidole gumba kikacheza.

Hakumbuki alipiga kelele gani. Walimwambia baadaye kwamba aliita jina la Cyprian. Makuli wawili wakafunga mashati usoni wakapanda, wakamvuta yeye, yeye akamvuta Salumu, wakatoka wote kama watu wanaozaliwa, kwa miguu kwanza. Wakamlaza kivulini. Mwajabu akaja na ndoo, akammwagia maji kichwani, huku anamtukana kwa mapenzi, "Mbwa wee, mbwa wee, ungeniaga!" Salumu akatapika, akavuta pumzi, akatapika tena. Jana yake alikesha msibani Mtoni. Alisema moyoni mwake ngoja nijinyooshe dakika mbili huko mwisho, halafu niende kwa dada. Usingizi haukumuuliza.

"Nimegonga," akasema, midomo imebabuka. "Nimegonga mpaka mkono ukafa. Nani kafunga?"

Kabla hajajibiwa, getini akaingia Khalfani, kuli mwenzao, ametoka msikitini, kofia kichwani na chungwa mkononi analimenya. Miguuni, kushoto mkanda mwekundu, kulia mkanda wa buluu.

Yadi nzima ikamtazama miguu.

"Nini?" akasema. "Nyie vipi? Zangu zimekatika mkanda, nikaazima hizi nikatie udhu. Zangu nimeziacha kwa fundi, nilikuwa nazirudisha hizi..." Akaliona kontena wazi. Akamwona Salumu chini. Chungwa likamdondoka. Akazivua zile ndala upesi, mguu kwa mguu, kama aliyekanyaga kaa la moto, akasimama pekupeku juu ya mchanga unaounguza na hakusogea.

Hakuna aliyemgombeza. Nani kati yao hajawahi kuondoka msikitini na ndala za mtu?

Aiman alikuwa kwenye simu, mgongo kageuza. "Ndiyo, baba. Imekatwa. Hapana, baba, yu hai." Akasikiliza muda mrefu. Kisha akageuka, akaja kumpa Stephano ile simu kwa mikono miwili.

"Anakutaka wewe."

Stephano akaishika.

"Shikamoo, Mzee Masoud."

"Marahaba. Nani alifunga?"

"Mie."

"Nani kakata?"

"Mie pia."

"Kwa amri ya nani? Mwanangu anasema alikukatalia."

Stephano akatazama geti, akaliona banda la Mwajabu, sahani yake iliyofunikwa, na pembeni yake ule mfuniko wenye ukoko. Miaka tisa alikuwa amemwomba anyamaze. Kumbe hakuwa mbali hata kidogo. Alikuwa amekaa pale, pembeni ya maharage. Akakaa chini mchangani.

"Ya Mungu, mzee," akasema, polepole sana, kama mtu anayekiri wizi.

Akasikia pumzi ya mzee, na nyuma yake watu wanatoka msikitini, wanaagana.

"Mpeni maziwa huyo," Mzee Masoud akasema mwishowe. "Halafu mpelekeni hospitali, Aiman aendeshe mwenyewe. Na wewe usiondoke hapo. Nakuja."

Simu ikakatika. Anakuja kwa heri au kwa shari, sauti ile haikusema.

Wakamwinua Salumu, wakampeleka kwenye gari, Mwajabu nyuma yao na ukoko ndani ya gazeti. Stephano akabaki. Mbele yake mlangoni mwa kontena ndala zake zilikuwa pale pale alipoziacha, jozi moja, zimetazama ndani. Hakwenda kuzivaa. Akatamani kusali ile sala yake ya siku zote, ya kuomba kimya, akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa maneno ya Mzee Masoud.

"Usiondoke hapo," akasema. Akarudia, kwa Yule aliyesema: "Usiondoke."