Nta Kwenye Sanduku la Antena

Jumatatu asubuhi Kanyiva alituma marekebisho yake angani, na tangu hapo satelaiti haikusema neno. Leo ni Alhamisi. Msichana wa watu hali, halali, na nani angemlaumu?

Satelaiti yenyewe ni ndogo, kama debe la mafuta ya kupikia, lakini imebeba programu nane za watu wanane. Zote zinaendeshwa na mfumo mmoja ulio huria: yeyote anausoma, yeyote anaurekebisha, na ukiharibika wote wanajua ni nani aliyeugusa mwisho. Programu ya Kanyiva hutazama silanga, yale mabwawa ya mvua ya Kitui na Makueni, na kuwaambia wakulima ni lipi limebaki na maji. Sasa Jumatatu hakugusa programu yake tu. Aligusa mfumo, pale panapoamsha programu zote nane.

Alikuwa ameshaandika barua kwa wenzake. "Nimeua satelaiti yetu," ilianza hivyo, bila kuzungukazunguka. Angeituma saa kumi jioni, satelaiti ikipita tena juu ya Tulia bila kujibu. Antena ya kuwasiliana nayo, ambayo wote waliitumia kupitia mtandao, ilikuwa moja tu, ya shule ya Mwalimu Mutisya hapo Tulia. Ya Mukuyuni ilikuwa bado inangoja nguzo. Basi akatoka kwao Kilungu akaenda kuingojea aibu yake palepale.

"Kompyuta ni sawa," Mutisya alimwambia, akimmiminia chai ofisini. "Kosa litakuwa huko juu." Alisema kwa upole, lakini maneno yalimchoma.

Kabla chai haijapoa akaingia Mzee Ndululu, jirani wa shule, amevaa koti lake la kanisani.

"Mwalimu, nimekuja kukupongeza. Mzinga wako umeingia nyuki."

"Mimi sina mzinga, mzee."

"Ule wa kwenye nguzo."

Sasa hapa usimcheke mzee. Mutisya alikuwa amempa fundi wa mbao kazi ya kutengeneza sanduku la mitambo ya antena, akatoboa tundu la hewa chini, akalitundika juu ya nguzo. Mtu wa Kitui akiona sanduku la mbao lenye tundu, limetundikwa juu, anaona nini? Ndululu aliona mzinga uliokaa mwaka mzima bila nyuki, akamhurumia mwalimu. Shule ilipofungwa alipanda, akapaka nta ya kuwaita nyuki kwenye tundu, akashuka. Hakumwambia mtu, kwa sababu wema hautangazwi.

"Waliingia lini, mzee?" Kanyiva aliuliza.

"Jumatatu, kabla jua halijakuwa kali."

Mutisya alikimbilia ngazi. Ndululu akamshika mkono. Mzinga wa mtu haufunguliwi ovyo, kuna watu walioangamia kwa laana yake, na kwanza lazima ijulikane ni wa nani.

"Nyuki ni wako, sanduku ni langu," Mutisya alisema, na mzee akaridhika. Alipanda na moshi wake taratibu, akawahamishia nyuki kwenye mzinga wake mwenyewe. Ndani, chini ya masega mapya, waya wa antena ulikuwa umechomoka kwa uzito wa nyuki. Mutisya aliufuta, akaurudisha.

Saa kumi na dakika nane satelaiti ilijibu. Programu ya kwanza, hai. Ya pili, hai. Kanyiva alizihesabu kwa kidole mpaka ya nane, ambayo ni yake, akalia mbele ya wanaume wawili na hakuona haya. Siku tatu zote alizojitesa zilimtoka hapo. Akaifuta ile barua.

Badala yake aliongeza mstari kwenye maelekezo ya mfumo: sanduku la antena lisiwe la mbao lenye tundu, maana nyuki wataingia, na jirani mwema atawasaidia.

"Anayerekebisha kitu huandikwa jina," alimwambia mzee. "Rekebisho hili ni lako."

"Kina Ndululu tuko wengi. Weka alama ya mizinga yetu." Akaichora kwa kidole mezani, mistari miwili na duara, kama babu yake alivyoichonga. "Hiyo ikiwa hapo, hakuna mtu ataiba."

Kanyiva alitaka kumweleza kwamba asali hii ni ya kila mtu, haiibiki. Akaacha. Aliichora vizuri, mistari miwili na duara, akaituma.