Jogoo wa Upanga wa Msumeno

Dada Mkunga hakuwa amekanyaga dukani kwa mdogo wake kwa miaka saba. Kwa hiyo Fundi Saa alipoinua kichwa kutoka kwenye saa aliyokuwa ameifumua mezani, akamwona amesimama mlangoni na trei ya mayai mikononi, moyo ulimpasuka paa.

"Kuna nini, Dada? Nani amefariki?"

"Hajafa mtu. Wamekufa vifaranga, tena kabla ya kuzaliwa. Niondolee hilo boksi nikae."

Fundi akaondoa boksi la mikanda ya saa kitini. Dada yake akakaa, akaweka trei mapajani, akashusha pumzi. Huyu ndiye mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa ule kwa miaka thelathini na miwili. Wodini, hata madaktari walikuwa wakinywea akipaza sauti.

"Mayai ishirini na manne," alisema. "Siku ya saba nimeyamulika kwa tochi. Yenye uhai ni matatu, mengine yote meupe pee. Mwaka jana ilikuwa nusu kwa nusu. Nimebadilisha chakula, nimebadilisha mashine ya kutotolea, jogoo nimebadilisha mara mbili. Watu wanacheka: mkunga gani huyu anashindwa na kuku?"

Fundi naye kicheko kilimjia, akakimeza.

Kuku wenyewe walikuwa wa baba yao. Waliitwa nakshi, maana kila unyoya wao mweupe umezungushiwa ukingo mweusi mwembamba, kama uliochorwa kwa kalamu ya wino. Sifa yao ya pili ni upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani. Upanga wa nakshi ni bapa: umelala utosini, una vinundu vidogo vidogo, na nyuma unaishia kwenye ncha. Lakini kila mwaka, hata baba na mama wakiwa bapa, walitokea vifaranga wachache wenye upanga uliosimama wima na meno yake, mfano wa msumeno. Mzee aliwafuga wote pamoja, wala hakuwahi kusema kwa nini.

Mzee alipofariki, Dada Mkunga alibeba kuku wote, akaapa kuisafisha mbegu. Kila msumeno akawa wa sufuria. Fundi roho ilimuuma, akaomba apewe hao waliokataliwa, akawajengea banda uani, nyuma ya duka. Baada ya miaka minne aliwapeleka kwenye maonyesho, wamenawiri, amewapangusa miguu mmoja mmoja kwa kitambaa. Dada yake akawatazama, akamgeukia mwenyekiti wa chama cha wafugaji, akasema kwa ile sauti ya wodini, watu wote wakasikia: "Hao si wa kwetu. Hao ni machotara."

Fundi alifunga matenga yake, akaondoka. Tangu hapo walikutana kwenye harusi na misiba tu, wakapeana salamu za juu juu.

"Mwenyekiti ananishauri ninunue jogoo wa nje," Dada Mkunga aliendelea. "Nikiingiza damu ya nje, si nimemzika Baba mara ya pili?" Akainamisha macho kwenye mayai. "Nimesikia wa kwako wanatotoa."

"Wanatotoa, Dada. Mpaka nakosa pa kuwaweka."

Pazia la nyuma likafunguka, mke wa Fundi akatokea na kikombe cha chai. "Karibu, wifi," alisema kwa upole, lakini jicho alilomtupia mumewe lilisema: leo umempata, usimwachie hivi hivi.

Na kweli, maneno Fundi alikuwa nayo. Miaka saba alikuwa akiyanoa kichwani huku akikaza skrubu. Lakini alipomwona dada yake amekishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa, hakuona raha ya kuyatoa. Alichokuwa na hamu nacho ni kumwonyesha tu. Akavua kioo chake cha jichoni, akachukua daftari nene lililochakaa pembe, akamwambia, "Twende uani."

Kila kuku alikuwa na pete yenye namba mguuni, na kila namba ilikuwa na ukurasa wake daftarini: baba yake nani, mama yake nani, mayai mangapi, vifaranga wangapi, upanga wa aina gani. Miaka kumi na mmoja, mwandiko mdogo wa mtu aliyezoea vitu vidogo.

"Unamkumbuka tetea wako wa bapa, yule mwenye kidole kilichopinda? Ulinitupia mimi," Fundi alisema. "Nilimpandisha na jogoo wa msumeno. Soma hapo."

Dada Mkunga akavaa miwani. "Vifaranga kumi na wanane. Bapa... kumi na wanane?" Akainua uso. "Usinitanie."

"Sikutanii. Bapa ina nguvu kuliko msumeno. Ikitoka upande mmoja tu, kifaranga anakuwa bapa, msumeno unajificha ndani. Sasa funua mbele. Jogoo huyu amerithi bapa kwa baba na kwa mama pia. Mayai ishirini, vifaranga wanne. Nilimuuliza daktari wa mifugo. Akasema jogoo wa bapa pande zote mbili mara nyingi mbegu zake ni goigoi, hazina mbio. Aliyerithi upande mmoja hana shida hiyo. Msumeno naye hana shida."

Dada Mkunga akazifuata namba kwa kidole. Alikuwa mtu wa hesabu za siku na miezi, na hesabu hii haikumchukua muda.

"Kwa hiyo mimi, kila nilipochinja msumeno..."

"Ulibakiza wa bapa pande mbili. Hawa na wale ni baba mmoja mama mmoja, Dada. Ulikuwa unachinja nusu ya ukoo."

Fundi akaingia bandani, akatoka na jogoo kwapani: kifua kipana, nakshi zimekaa sawasawa mpaka kwenye mapaja, na kichwani msumeno mwekundu wa meno matano, umesimama bila kuyumba.

"Mchukue. Matetea wako wamebaki bapa pande mbili, kwa hiyo watoto wake wote kwao watatoka bapa. Akitoka msumeno hata mmoja, nitakufagilia banda mwaka mzima. Ila mwandike kwenye daftari lako, namba yake na ukoo wa Baba. Kwa mkono wako."

Dada Mkunga akatoa kalamu na daftari lake mkobani, akaandika pale pale, ameliegemeza gotini. Alipomaliza akasema, "Nilikutia aibu mbele za watu, mdogo wangu. Nisamehe." Kisha, kabla Fundi hajajibu, akafoka, "Mshike vizuri huyo, unambana pumzi!"

Wiki sita baadaye Fundi alikuwa amekaa chini kwenye sakafu ya jiko la dada yake, kioo jichoni, mbele ya mashine. Kati ya mayai ishirini na manne, ishirini na mawili yalikuwa na uhai. Dada Mkunga alikuwa akizunguka na taulo begani, akiyaambia mayai, "Haya mama, taratibu, usisukume kwanza," mpaka Fundi akacheka machozi yakamtoka. Vifaranga walipokauka, aliwapokea mmoja mmoja kiganjani, akawakagua utosi.

"Bapa. Bapa. Huyu bapa. Na huyu."

Walitoka ishirini na mmoja, na msumeno hakuwepo hata wa dawa.

Mmoja wao, jogoo, alishinda kwenye maonyesho ya mwaka ule. Mwenyekiti alimgeuza, akampapasa kifua, akasema hajaona nakshi safi kama hii tangu enzi za mzee. "Baba yake ni yupi?"

Dada Mkunga akamshika Fundi mkono, akamvuta mbele na tenga lake. Mwenyekiti akautazama upanga wa jogoo mkubwa, akakunja uso. "Mbona msumeno? Huyu si chotara?"

"Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe, mama."

"Basi nilisema uongo bila kujua," Dada Mkunga alijibu, na sauti ya wodini ikafika mpaka mwisho wa ukumbi. "Huyu ni nakshi, na baba yake nakshi, na babu yake nakshi. Na huyu aliyemtunza ni mdogo wangu. Mwenye swali amuulize yeye, daftari analo."

Walimuuliza. Mpaka jioni Fundi alikuwa amezungukwa, sauti imemkauka, daftari linapita mkono hadi mkono. Kwa mbali alimwona mkewe akiwaeleza wanawake wawili habari za bapa na msumeno, kidole juu, kama aliyezigundua yeye.

Msimu uliofuata, asubuhi moja, simu iliita dukani.

"Wale bapa wa jogoo wako, nilipowapandisha wao kwa wao, wamenipa msumeno watano!" Dada Mkunga alipiga kelele. "Watano, mdogo wangu! Kuna mmoja ana kifua, usiniulize! Njoo na pete."

Fundi alifunika saa za watu kwa kitambaa, akaandika kwenye kipande cha boksi: *Nimeenda kwa dada yangu. Nitarudi saa nane.* Akakitundika mlangoni, akaondoka mbio. Wateja waliokuja saa nane walisubiri mpaka wakachoka. Alirudi kesho yake.