Simiti Iliyozoea Mkono wa Zilpa

Jumatatu asubuhi Bwire wa Mundika alikaa kwenye veranda na chai yake, akawa anaita makontrakta mmoja mmoja kama daktari anayeita wagonjwa. Wa kwanza alimwonyesha kwenye simu picha za njia za gari alizojenga kwa mikono yake. Katika picha moja alipita ngamia, na nyuma ya ngamia kulikuwa na ghorofa inayogusa mawingu. Alisema hapo ni Nambale, kamji ka jirani. Wa pili alipima uwanja kwa hatua zake, na kwa vile alikuwa mfupi, uwanja ukawa mkubwa sana. Wa tatu alikuwa Egwang, Mteso kutoka Malaba. Huyo alipiga udongo teke, akatega sikio, akasema, "Mzee, hapa chini kuna njia ya watu."

"Ilikuwa ya watu," alisema Bwire. "Sasa itakuwa draivwei ya simiti."

Egwang akapewa kazi.

Hiyo njia ya watu ilikuwa ya Zilpa, mjane wa ndugu yake Bwire. Nyumba yake ndogo iko nyuma ya ile kubwa, na ni marehemu mume wake aliyeichimba njia kwa jembe mpaka kwenye lami, ili mke wake apite vizuri na beseni la omena akienda soko la Busia. Bwire, ambaye kazi yake ni kupitishia watu mizigo pale mpakani, hakuwa na shida na kupita.

"Mulamwa wangu," alimwambia Zilpa, kama watu wa hapo wanavyoita shemeji, "simiti ikikauka tutapita wote. Utatembea kama bibi harusi."

Siku ya kumwaga, mikisa ya kuchanganya simiti ilinguruma, vijana wakakimbia na karai, Zilpa akawapikia. Jioni Egwang aliosha koleo lake na kutoa maagizo. "Hii simiti ni kama ndama ambaye mama yake amekufa. Ifunikwe na magunia, imwagiwe maji asubuhi na jioni mpaka ishike. Lakini iwe mtu mmoja, mkono mmoja. Ikishazoea mtu, imezoea."

Bwire akaangalia mikono iliyokuwepo. Yake ilikuwa imeshika simu. Ya mke wake Petronilla ilikuwa na kucha mpya. Ikabaki ya Zilpa.

Zilpa akamwagilia. Aliiamkia simiti kila asubuhi, akaifukuzia kuku, akakunja magunia polepole asiishtue. "Kunywa, mama, usinipasukie," aliiambia. Haikupasuka hata ufa wa kuingiza unywele. Siku ya kuondoa magunia, Bwire aliweka geti jekundu na kufuli la ukubwa wa andazi, akasema wezi wamezidi.

"Na mimi nitapitia wapi?" Zilpa aliuliza.

"Si pale kwa ua wa kayaba kuna pengo?"

"Hilo ni pengo la mbwa, shemeji."

"Na umewahi kusikia mbwa akilalamika?"

Kesho yake Zilpa alipiga magoti, akasukuma beseni mbele, akalifuata. Miiba ilibaki na kitambaa chake cha kichwa, na kuku walibaki na omena nusu. Alipofika kwenye lami akasikia nyuma yake mtu kama anaburuta gunia la mahindi. Ilikuwa ile simiti. Ilikuwa imejibana ikawa nyembamba, ikapita kwenye pengo, na sasa ilikuwa inajinyoosha kando ya barabara na kujikung'uta vumbi.

"Rudi nyumbani," Zilpa aliiambia.

Ikatulia. Alipoanza kutembea, nayo ikaanza.

Watu wa Mundika hawashangai ovyo. Willis wa bodaboda alipunguza mwendo tu na kuuliza, "Mama, hiyo yako iko na breki?"

"Iulize wewe mwenyewe. Mimi haijanibeba."

Sokoni ililala mbele ya meza yake, na wateja wakasimama pasipo na matope kwa mara ya kwanza tangu soko lianze. Wauza ndizi waliomba kona, wakapewa. Jumapili iliingia kanisani, na katekista akasema kwa upole kwamba mkia ubaki nje, maana viti vimejaa.

Huku nyumbani, Bwire alitoka na gari lake akakuta shimo refu la udongo mwekundu uliolowa mvua. Gari lilizama mpaka kwenye milango. Akampigia Egwang simu.

"Simiti yako imetoroka!"

"Haijatoroka, mzee. Imesindikiza mtu. Iko na ufa?"

"Haina."

"Basi mimi kazi yangu ni safi."

Siku moja Zilpa alienda Malaba kununua njugu upande wa Uganda. Askari wa forodha aliizunguka simiti mara mbili.

"Nyabo," alisema, kama wanavyoita mama huko Uganda, "huyu ni mzigo ama msafiri?"

"Ni simiti."

"Simiti naona. Anaenda kukaa ama anarudi?"

"Mimi nikirudi, inarudi."

Askari akafikiria, akaiandika msafiri, akaitakia safari njema.

Wakati wa kurudi, madereva wa malori waliokuwa kwenye foleni tangu wiki iliyopita waliona barabara laini isiyo na mtu. Watatu wakachomoka wakapanda juu yake. Simiti ikaendelea kumfuata Zilpa, na malori mgongoni. Madereva walizima injini kuokoa dizeli, wakatoa thamosi, wakawa wanapigia honi kila mwanamke waliyempita. Mpaka kufika Mundika walikuwa wamefundishana nyimbo.

Bwire aliposikia honi alifungua geti lote, pande mbili. "Karibuni, karibuni! Maegesho yapo! Hata karatasi nawapitishia!" Simiti ikainama kidogo, malori yakashuka yakaingia kando ya lile shimo. Zilpa akafuata na njugu zake kichwani.

"Aa, mulamwa," Bwire alisema akisukuma geti. "Hii ni ya magari."

Zilpa akazunguka kwa kayaba. Simiti nayo ikazunguka.

Baada ya hapo naibu wa chifu aliita baraza kuamua simiti ni ya nani. Aliomba simiti yenyewe imwonyeshe mwenye mali. Ikapita katikati ya watu, ikamwacha Bwire akiwa amenyoosha mikono, ikajikunja miguuni pa Zilpa kama paka. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka mwenye soda akaanza kuzifungua bila kuagizwa.

Zilpa akasimama. "Mimi sikuomba simiti. Naomba tu kupita kwenye geti. Njia ni ya bwana yangu."

Naibu wa chifu alifikiria chupa nzima ya soda. "Simiti ni ya Bwire, kwa sababu aliinunua," alisema. "Mapenzi ni ya Zilpa, na hayo hatuwezi kuyakata. Kwa hivyo Zilpa aende nayo asubuhi Bwire akishatoka, na airudishe kabla Bwire hajatoka kazini."

"Na geti?"

"Geti haikuletwa hapa leo."

Wote wakasema uamuzi umenyooka.

Mpaka sasa, ukipita Mundika jioni, utaona beseni likitokeza kwenye kayaba, kisha kitambaa cha kichwa, kisha Zilpa kwa magoti, halafu simiti ikivuta tumbo ndani ipite bila kukwaruzwa. Zilpa anajitoa miiba, anaimwagia maji, anaipapasa. Nayo inajinyoosha taratibu mpaka getini na kulala chali. Bwire anafika, anapiga honi, anafungua kufuli, anaingia bila kutikisika, anashusha kioo.

"Mulamwa," anasema, "leo imechelewa kidogo."

Kisha anashuka na kufunga kufuli.